Baada ya sigara ya mvuke ya kwanza: kupanda au kushuka?



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ndugu wasomaji, safu yetu leo inajibu swali tuliloulizwa ana kwa ana, nasi mara ya kwanza tukalijibu vibaya. Tunalileta mbele yenu kwa kuwa tunaamini limo katika nyumba nyingi, ingawa wenye kulitamka ni wachache.

Mwezi wa Rajab uliopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu alitusubiri barazani mpaka watu wakapungua. Alitoa mfukoni kijichombo chembamba kama kalamu nene, akakishika kiganjani. Huyu ni mtu aliyevuta sigara tangu ujana wake, pakiti nzima kwa siku. Mwanawe mkubwa alimnunulia sigara ya kielektroniki, ile ndogo ya kuanzia ambayo vijana huiita vepu, na kwa miezi minne mzee hakugusa tena sigara ya kawaida. Kile kikohozi chake cha alfajiri, ambacho safu nzima ya mbele ilikuwa imekizoea, kilinyamaza. Sasa kijichombo kilikuwa kimeanza kutoa ladha ya kuungua. Muuzaji alimwambia kuwa hicho ni cha wanaoanza tu, akamwonyesha kikubwa chenye kioo cha namba zinazowaka. Bei yake ilikaribia ada ya muhula ya mwanawe wa mwisho.

"Ustadh," alituuliza, "ninunue kile kikubwa, au kuna kingine kilicho bora?"

Tulimjibu kwa haraka ya mtu aliyeshika funguo za msikiti mkononi na anayetaka kwenda nyumbani. Tulimwambia: "Mzee wangu, vyote hivyo ni moshi mmoja. Kitupe, umche Mwenyezi Mungu." Alitushukuru kwa adabu, akaondoka. Kabla mwezi wa Shaaban haujafika nusu, harufu ya sigara ilikuwa imerudi katika kanzu yake, na kikohozi kimerejea safuni. Alikuwa amekitupa kweli, kama tulivyomwagiza. Nasi hatukumpa kitu chochote cha kushika mahali pake, basi akarudi kwenye kile alichokijua kwa miaka arubaini.

Tuliona haya. Mtu alituuliza njia, nasi tukampa hukumu tukafunga mlango. Ndipo tulipokaa tukasoma, tukamwuliza daktari tunayemwamini, tukaingia hata katika duka la vyombo hivyo ili tuvishike kwa mikono yetu. Haya yafuatayo ndiyo tuliyopaswa kumwambia mzee wetu usiku ule.

Ni kitu gani hiki?

Sigara ya kielektroniki haichomi tumbaku. Ndani yake mna betri, na kijiwaya kilichoviringwa kiitwacho koili, ambacho kimeshikana na pamba. Pamba hufyonza kimiminika, betri huipasha moto koili, kimiminika hugeuka mvuke, na mtumiaji huuvuta mvuke huo. Kimiminika chenyewe kwa kawaida ni mchanganyiko wa propileni glikoli na gliserini, pamoja na vionjo, na mara nyingi nikotini. Muundo uliokuja kuenea duniani ulibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa Kichina aitwaye Hon Lik. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake alikuwa mvutaji aliyefariki kwa saratani ya mapafu.

Tofauti iko katika kuungua. Lami inayoganda mapafuni na gesi ya kaboni monoksidi inayoingia katika damu ya mvutaji hutokana na tumbaku inayoungua. Pasipo kuungua, sehemu kubwa ya sumu hizo hupungua. Kwa hiyo aliyeacha kabisa sigara ya moto akashika ya mvuke amepunguza madhara, na kauli yetu ya "moshi mmoja" haikuwa sahihi. Hata hivyo, kupungua kwa madhara si kwisha kwake. Mvuke huo una kemikali zake, nikotini yake hufunga mtu vilevile, na athari za kuutumia kwa miongo mingi bado hazijapimwa, kwa kuwa chombo chenyewe hakina miongo mingi tangu kienee.

Wataalamu wenyewe hawajasimama mahali pamoja. Mamlaka za afya za Uingereza huwashauri wavutaji watu wazima kuitumia kama daraja la kuachia sigara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kuhusu kuacha tumbaku, lilipendekeza ushauri nasaha pamoja na dawa kama vile plasta na ubani wa kutafuna wenye nikotini, vareniklini, bupropioni na sitisini. Sigara za kielektroniki halikuziweka katika orodha hiyo. Aliye karibu na hospitali au mfamasia anayeweza kumpatia dawa hizo, na aanzie huko. Jambo moja halina mgogoro: asiyevuta sigara hana sababu yoyote ya kugusa chombo hiki, na kijana hana sababu maradufu, kwani ubongo huendelea kukua mpaka kiasi cha miaka 25 na nikotini huuvuruga katika kukua kwake.

Kabla ya kipya, kitazame cha zamani

Muuzaji alimwambia mzee kuwa chombo chake kimefikia mwisho. Tulipojifunza, tuligundua kwamba ladha ya kuungua kwa kawaida si dalili ya kufa kwa chombo, ni dalili ya kuchakaa kwa koili. Koili ni kama utambi wa taa ya mafuta. Hudumu kiasi cha wiki moja au mbili kwa mtumiaji wa kila siku, kisha pamba yake huungua na sukari za vionjo huganda juu ya waya. Vyombo vingi vya kuanzia huruhusu kubadilisha koili peke yake, au kifuko kidogo chenye koili na kimiminika ambacho wauzaji hukiita podi. Vyote viwili bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na chombo kizima.

Hata koili mpya huungua siku ya kwanza ikiwa mwenyewe hana subira. Ikishawekwa na kimiminika kikamiminwa, ni lazima kungoja dakika tano hadi kumi ili pamba ilowe sawasawa. Wala kimiminika kisiachwe kikakauka kabisa ndani ya kitangi.

Ikiwa malalamiko ni kwamba chombo "hakitoshelezi", sababu huenda ikawa katika uvutaji. Sigara ya moto huvutwa kwa pumzi fupi na ya nguvu. Mvuke huvutwa taratibu na kwa muda mrefu kidogo. Huenda pia nikotini iliyomo ni ndogo kwa mtu aliyekuwa akimaliza pakiti kwa siku, naye akajikuta anavuta vyote viwili, mvuke nyumbani na sigara barazani. Hali hiyo ya kuchanganya ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hulipia vyombo viwili na haipati faida kubwa ya kiafya ya kuacha hata kimoja.

Tuliyajua haya baada ya mzee kukitupa chombo chake. Kwa kila dalili alizotueleza, alihitaji koili mpya tu.

Vilivyoko sokoni

Chombo kikifa kweli, betri ikawa haishiki tena chaji au kitangi kikapasuka, ndipo swali la kununua linapokuja. Katika duka tuliloingia tulionyeshwa aina tatu, nazo ndizo zilizoenea.

Ya kwanza ni ile ya kutumia na kutupa, ambayo huja imejazwa na kuchajiwa tayari. Hii hatumshauri yeyote. Mtu hawezi kupunguza nikotini yake hatua kwa hatua kwa kiasi anachokitaka, kila inapokwisha hununua nyingine, na betri yake ya lithiamu huishia jalalani ambako huweza kuwaka moto. Vionjo vyake vitamu na rangi zake za kupendeza huwavuta watoto. Uingereza, ambayo huwahimiza wavutaji wahamie kwenye mvuke, ilipiga marufuku uuzaji wa aina hii kuanzia tarehe 1 Juni 2025.

Ya pili ni chombo kidogo cha kujazwa, chenye podi au kitangi cha mililita mbili hivi, betri iliyofungiwa ndani, na koili ambayo ukinzani wake ni omu moja au zaidi. Huvutwa kama sigara: kwanza mdomoni, kisha mapafuni. Hutumia kimiminika kidogo na nguvu ndogo, aghalabu wati 10 hadi 15.

Ya tatu ni lile sanduku kubwa alilosifiwa mzee wetu. Koili yake ina ukinzani wa chini ya omu moja, nguvu yake hufika wati 50, 80 na kuendelea, na mvuke wake huvutwa moja kwa moja mapafuni kama shisha. Wingu lake hujaza chumba. Muuzaji huisifu kwa hoja moja yenye kushawishi: kwamba kimiminika chake kina nikotini ndogo, miligramu 3 au 6 tu kwa kila mililita, ilhali kile cha chombo kidogo kina miligramu 20. Anayesikia hivyo hudhani kuwa kwa kununua kikubwa anapunguza.

Ndugu msomaji, hapa chukua kalamu upige hesabu. Anayetumia chombo kidogo humaliza, tuseme, mililita 2 kwa siku. Zidisha kwa miligramu 20, utapata miligramu 40 za nikotini zilizopita katika koili yake. Anayetumia sanduku kubwa huweza kumaliza mililita 10 kwa siku. Zidisha kwa miligramu 6, utapata miligramu 60. Namba ya kwenye chupa imeshuka, na nikotini iliyopita katika koili imepanda. Juu ya hapo, amevuta mililita 10 za kemikali zilizopashwa moto mahali pa mililita 2, na amenunua chupa tano mahali pa moja. Hiki ndicho kinachoitwa kupanda daraja. Kwa mtu ambaye safari yake ni kuacha, huku ni kurudi nyuma.

Twapaswa pia kujua kusoma chupa. Baadhi ya watengenezaji huandika asilimia: asilimia 2 ni sawa na miligramu 20 kwa mililita, na asilimia 5 ni kiasi cha miligramu 50. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo lao la mwaka 2014, ziliweka mpaka wa miligramu 20 kwa mililita, kitangi kisizidi mililita 2, na chupa ya kujazia isizidi mililita 10. Marekani haina mpaka wa namna hiyo, na bidhaa za asilimia 5 hutengenezwa na kusafirishwa. Mtu akitia kimiminika kikali cha namna hiyo katika sanduku kubwa, atapata kizunguzungu, kichefuchefu na mapigo ya moyo ya kasi, kwa kuwa hivyo viwili havikutengenezwa viende pamoja.

Wala kimiminika kisinunuliwe kwa mtu asiyejulikana au kilichochanganywa kienyeji. Mwaka 2019 Marekani ilipatwa na maradhi makali ya mapafu kwa watumiaji wa vyombo vya mvuke. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, na kati yao waliofariki walikuwa 68. Uchunguzi ulielekeza kidole zaidi kwenye mafuta ya vitamini E yaliyokuwa yametiwa katika vimiminika vya bangi, vingi vikiwa vya magendo. Mafuta hayaingii mapafuni kwa salama, hata yakiwa ya dawa au ya kupikia.

Tulimshauri nini?

Tulipomrudia mzee katikati ya Shaaban, jambo la kwanza lilikuwa kumwomba radhi. Kisha tukamwambia: kama utashika tena chombo cha mvuke, shika kidogo. Kiwe cha kujazwa, chenye betri iliyofungiwa ndani, koili ya omu moja au zaidi inayopatikana kwa urahisi dukani, na kimiminika chenye alama na mtengenezaji anayejulikana, ambacho huuzwa kwa viwango kadhaa vya nikotini. Hilo la viwango ndilo kubwa kuliko yote. Chombo bora kwako ni kile kitakachokuruhusu kushuka.

Mpango wenyewe tuliuandika katika karatasi moja. Aanze na kiwango kitakachomzuia kabisa kurudi kwenye sigara ya moto, kwani hilo ndilo sharti la kwanza. Kwake yeye, kwa ushauri wa daktari, kilikuwa miligramu 20. Akishatulia wiki kadhaa bila sigara hata moja, ashuke 12, kisha 6, kisha 3, kisha kimiminika kisicho na nikotini, kisha aweke chombo chini. Asishuke kwa kushindana na kalenda. Akishuka akaona anaanza kuomba sigara barazani, au anavuta mvuke mwingi zaidi kufidia, apande ngazi moja apumzike, kisha ajaribu tena.

Kwa nini tulisisitiza mwisho wa safari? Katika utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, wavutaji 886 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa sigara za kielektroniki za kujazwa, na jingine plasta na dawa nyingine za nikotini, wote wakisaidiwa kwa ushauri. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya kundi la mvuke walikuwa hawavuti sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya kundi la dawa. Hiyo ni habari njema kwa mvuke. Lakini katika hao wa mvuke waliofaulu, asilimia 80 walikuwa bado wanatumia chombo chao, ambapo katika waliofaulu kwa dawa waliobaki nazo walikuwa asilimia 9 tu. Daraja liliwavusha wengi, na wengi wao wakajenga nyumba juu ya daraja. Na mwenye kujenga darajani ndiye mteja anayetafutwa na maduka yanayouza cha kuanzia, kisha cha kati, kisha kikubwa.

Wapo watakaotuuliza: je, mmehalalisha? La. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameiharamisha tumbaku kwa madhara yake, na kanuni ya kuondoa madhara inakihusu chombo hiki pia. Lakini fiqhi hiyo hiyo hutufundisha kwamba yakikutana madhara mawili ambayo hapana budi na moja, huchukuliwa jepesi ili kuzuia zito. Tena sote twajua kuwa Waislamu wa mwanzo hawakutolewa kwenye ulevi kwa siku moja. Hukumu imekwisha kukamilika, hilo halina shaka. Tunachosema ni kwamba mtu aliyefungwa kamba kwa miaka arubaini huhitaji mtu wa kumfungulia fundo moja baada ya jingine.

Adabu na usalama wa nyumbani

Nikotini ya kimiminika ni sumu kwa mtoto akiinywa, na hupenya hata katika ngozi. Mzee wetu ana mjukuu wa miaka minne. Kile chombo cha mwanzo kilikuwa na kionjo cha embe, na siku moja mama yake mtoto alimkuta ameshika chupa anainusa. Tangu hapo tuliafikiana mambo mawili: chupa ikae katika kabati lenye kufuli, na kionjo kiwe kile kisichomvutia mtoto. Mtoto akimeza kimiminika hicho, akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, wala asingojewe aonyeshe dalili. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye; nasi twaongeza kuwa anayeona tabu kutafuta kufuli huenda akatafuta gari usiku wa manane.

Betri ichajiwe kwa chaja yake, mbali na kitanda na mazulia, wala isiachwe usiku kucha. Masanduku makubwa mengi hutumia betri za kuchomoa. Betri ya namna hiyo ikibebwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu huweza kuungana njia na kuripuka. Msafiri ajue kuwa vyombo hivi haviwekwi katika mzigo unaokwenda kwenye tumbo la ndege. Hubebwa mkononi, na havitumiwi ndani ya ndege. Ajue pia sheria ya aendako. Uganda, kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, imepiga marufuku kuviingiza na kuviuza. India ilivipiga marufuku mwaka 2019, na Singapore haviruhusiwi kabisa.

Kuhusu saumu, wanazuoni wa zama zetu wamebainisha kuwa kuvuta mvuke huu kunafunguza kama kunavyofunguza moshi, kwa sababu una vitu vinavyoingia ndani ya mwili kwa makusudi ya mwenyewe. Na kuhusu msikiti, ikiwa aliyekula kitunguu saumu kibichi alikatazwa kusogelea jamaa kwa ajili ya harufu, mwenye wingu la stroberi anajua jibu lake.

Mkono wa kushika

Mzee alianza ngazi yake siku kumi kabla ya Ramadhani. Mwezi mtukufu ulimfaa kuliko sisi. Kuanzia alfajiri hadi magharibi hakuvuta kitu, akajionea mwenyewe kuwa hamu huja kama wimbi, hupanda kwa dakika chache, kisha hupita. Mkewe ndiye aliyeshika funguo za kabati na karatasi ya mpango. Aliandika tarehe ya kila koili na kila chupa, bila kumkemea. Vijana wawili wa darasa la jioni walipangiwa kukaa naye barazani baada ya swala, saa ile ambayo zamani aliwashia sigara.

Haikuwa safari iliyonyooka. Mwezi wa Shawwal alifiwa na ndugu yake, na usiku wa pili wa matanga alivuta sigara tatu. Alikuja kutueleza mwenyewe, amejiinamia. Mwenye kovu usidhani kapoa. Safari hii hatukumpa hukumu; tulimwuliza kama chupa yake ina kimiminika cha kutosha, na kama angependa tumsindikize nyumbani. Alirudi miligramu 12 kwa wiki tatu, kisha akashuka tena.

Sasa tumo katika Muharram, naye yuko miligramu 6. Chombo anachotumia ni kidogo kuliko kiganja chake, na amebadilisha koili tu tangu akinunue. Ada ya mtoto ililipwa kwa wakati. Lile sanduku kubwa bado lipo dukani nyuma ya kioo, na namba zake zinawaka.

Tunawaomba ndugu zetu wa kamati za misikiti, na kila mzazi, mke na mtoto mwenye mvutaji nyumbani: akikuuliza anunue kipi, usimfukuze. Kuuliza kwake ni dalili kuwa amekwisha kuanza kutoka. Mwulize ameacha sigara ya moto kwa muda gani, chupa yake imeandikwa miligramu ngapi, na mwezi ujao angependa iandikwe ngapi. Akikosa jibu la hilo la mwisho, kaeni pamoja mlitafute kabla hajafungua mkoba wake.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.